Jeshi au shamba? Namna ya kuamua kabla hujapeleka barua wilayani

Tangazo la JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) likitoka, mashine za fotokopi hapa Mafinga hazipumziki. Mimi ninayo moja, na kwa kazi hiyo barua za maombi zinapita mkononi mwangu nyingi. Karibu zote zinasema mwombaji ana uzalendo, nidhamu na afya njema. Chache mno zinaonyesha kwamba mwandishi amekaa chini akajiuliza miaka miwili ijayo atakuwa wapi. Maswali hayo ndiyo nimeyapanga hapa, kwa vijana wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, na kwa wazazi wanaogharamia safari.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usije ukautafuta: nenda kama miaka miwili ya JKT itakufaa hata usipopata ajira ya jeshi baadaye. Kama faida yote umeining'iniza kwenye ajira hiyo, basi hujaamua bado, unabeti.

Hatua ya 1: Jua ni mlango gani unaugonga

JKT na JWTZ si kitu kimoja. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kulea na kufundisha vijana. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo, na ndilo linaloajiri wanajeshi. JKT inakufundisha. JWTZ inakulipa mshahara. Katikati ya hayo mawili hakuna daraja la uhakika.

Ndani ya JKT nako kuna makundi mawili. Wa mujibu wa sheria ni wale waliomaliza kidato cha sita, ambao majina yao hutangazwa na kambi zao kutajwa. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994 ukarejeshwa 2013, na siku hizi mafunzo yao huchukua kama miezi mitatu. Hawa hawana cha kuamua sana, wameitwa. Kundi la pili ni la kujitolea, na hapo ndipo mwongozo huu unapohusika: unaomba mwenyewe kupitia wilaya unayoishi, unafanyiwa usaili, na ukichaguliwa mkataba ni wa miaka miwili.

Soma tangazo la kujitolea hadi mwisho. Karibu kila mwaka limebeba maneno yanayoeleza kwamba JKT haitoi ajira wala haiwatafutii vijana ajira. Inawafundisha stadi za kazi ili wajiajiri. Vijana husoma sehemu ya sifa, wakafika hapo wakafunga karatasi. Rudi usome tena.

Jambo jingine ni kambi. Huku kwetu tuna Mafinga, Itende iko Mbeya, Itaka iko Songwe, na jirani zetu wana Mlale huko Songea na Milundikwa huko Rukwa. Usidhani utapangwa karibu na nyumbani. Mtoto wa Makete anaweza kuambiwa aripoti Bulombora, Kigoma, na wa Kyela akajikuta Oljoro, Arusha. Kama mpango wako ulikuwa wa kurudi kila mwisho wa mwezi kumwona mama, huo mpango haupo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umri kwa kalamu

Matangazo ya miaka ya karibuni ya JKT kujitolea yameweka mwisho wa miaka 20 kwa aliyemaliza kidato cha nne na 22 kwa wa kidato cha sita. Wenye stashahada na shahada wanaongezewa kidogo. Yale ya JWTZ yameweka mwisho wa miaka 24 kwa kidato cha nne na cha sita, na 27 kwa mwenye shahada, tena awe na cheti cha kuhitimu JKT na awe hajaoa au kuolewa. Namba hizi hubadilika, kwa hiyo tangazo la mwaka wako ndilo litakalokuhukumu, lakini zinatosha kwa hesabu.

Chukua kijana wa Mbarali aliyemaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani akilima mpunga, akaingia JKT akiwa na miaka 20. Anamaliza mkataba akiwa na 22. Amebakiwa na miaka miwili tu ya kusubiri tangazo la JWTZ, na tangazo hilo halina msimu kama mvua za Novemba. Linaweza kutoka akiwa bado kambini, linaweza kutoka akiwa ameshavuka 24. Sasa mchukue mwenzake aliyeingia na miaka 18: ana nafasi mara mbili ya hiyo. Ukiona umri wako uko ukingoni, ujue uko ukingoni. Kupunguza umri kwenye karatasi ni kosa la jinai, na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wanayo tarehe yako ya kuzaliwa.

Kwa aliyeishia darasa la saba hesabu ni ngumu zaidi. JKT imekuwa ikiwapokea wenye umri kati ya miaka 16 na 18, lakini JWTZ matangazo yake yanaanzia kidato cha nne. Kwa huyo, JKT ni shule ya stadi na nidhamu, si ngazi ya kupandia jeshini. Kama anachotaka hasa ni jeshi, arudi kwanza kwenye masomo ya jioni afanye mtihani wa kidato cha nne. Najua ushauri huu hauchangamshi mtu.

Hatua ya 3: Andika kitakachotokea usipochukuliwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika utakavyokuwa baada ya miaka miwili ya JKT bila ajira ya JWTZ. Upande wa pili andika utakavyokuwa kama miaka hiyohiyo ungeitumia huku nje.

Upande wa JKT usiache wazi, kuna mambo ya kweli ya kuandika. Utakuwa na cheti ambacho Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wamekuwa wakikipa uzito wanapotangaza nafasi. (Askari wa Magereza hufundishwa hapahapa Kiwira, wilayani Rungwe, na bado kuna watu wa Tukuyu wanaodhani nafasi zote za magwanda ziko Dar es Salaam.) Kampuni za ulinzi, ikiwemo ile ya SUMAJKT, shirika la biashara la JKT yenyewe, huchukua vijana waliopita JKT. Utakuwa umejifunza kazi fulani, iwe kilimo, ufugaji, ujenzi au useremala, kutegemea kambi uliyopangiwa na bidii yako. Utakuwa umejua kuamka. Usicheke, wapo wanaofika miaka thelathini hawajajua.

Upande wa pili unategemea unatoka wapi. Mwenye baba mwenye ekari za viazi Uporoto hayuko sawa na kijana anayelala kwa shemeji yake Mwanjelwa akibeba mizigo sokoni. Katika muda kama huo mtu anaweza kusoma ufundi VETA, Mbeya au Iringa, akatoka anafunga umeme kwenye nyumba za watu. Anaweza kuunda kikundi na wenzake wanne au watano wakaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sehemu ya vijana ni asilimia 4. Anaweza pia kupoteza miaka yote miwili kijiweni akisubiri tangazo. Andika kile ambacho wewe hasa ungefanya, si kile ambacho kijana mwenye bidii angefanya.

Kuna njia ya tatu ambayo huku kwetu watu wanaisahau. Mche wa parachichi wa kubebesha, aina ya Hass, huanza kutoa matunda baada ya miaka mitatu hivi. Ukipanda miche hata thelathini kabla ya kuondoka, ukamwachia kaka au mama ukakubaliana naye kwa maandishi gawio lake, utatoka kambini shamba linakaribia kuzaa. Kwa watu wa Rungwe na Njombe hili liko ndani ya uwezo kabisa. Wa Mufindi nao wana miti, ila paina haina haraka, itakusubiri hata ustaafu. Anayebaki na shamba apewe chake kweli. Undugu peke yake haupalilii.

Ukimaliza, soma upande wa JKT tena huku umefunika neno "ajira" kwa kidole. Kama bado unavutiwa, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Tafakari jeshi lenyewe, si magwanda

Sasa chukulia umechukuliwa. Askari hupelekwa mafunzo ya awali Kihangaiko, huko Msata mkoani Pwani. Anayechaguliwa kuwa ofisa hupita Monduli. Baada ya hapo maisha yako yana mwenye kuyapanga.

Mwanajeshi anaweza kufa kazini. Barua za maombi hazilitaji hilo, ila wewe unatakiwa kulitaja mbele ya watu wa nyumbani. Tarehe 13 Julai 2013, walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur, Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki mashariki mwa Kongo ilishambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakafa. Wazee wanaokumbuka vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wapo bado kwenye vijiji vyetu. Iringa tunapenda kujigamba na Lugalo, pale Wahehe wa Mkwawa walipoliangusha jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, hadi kambi kubwa ya Dar es Salaam ikapewa jina hilo. Tunasahau kwamba Wahehe wengi nao walilala palepale.

Siasa utaiacha. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki ya kupiga kura anabaki nayo. Kama wewe ni mtu wa kampeni, wa bendera kwenye pikipiki, jiulize kama unaweza kunyamaza miaka yote ya utumishi.

Na amri. Utaamriwa na mtu uliyemzidi elimu, pengine hata umri, na jibu lako litakuwa "ndiyo afande". Kijana ambaye hajawahi kuvumilia kufokewa na mwalimu wa zamu asidhani magwanda yatambadilisha tabia kwa usiku mmoja.

Mtafute mstaafu. Karibu kila kata ina mmoja, na Mbalizi, penye kambi ya jeshi, hutembei mtaa mzima usimkose. Nenda jioni akiwa ametoka shambani, msalimie "Shikamoo afande", maana wengi wao jina hilo bado wanalipenda, na ukae. Usimuulize kama mafunzo ni magumu, atakupa hadithi za kuchekesha. Muulize ni misiba mingapi ya kwao hakuizika. Muulize watoto wake walisoma shule ngapi. Muulize alipostaafu alikuta nini nyumbani. Kwetu huku, mtu asiyeonekana msibani huulizwa na ukoo mzima, na mwanajeshi hukosa mengi. Ukimsikiliza hadi mwisho utajua zaidi ya yote niliyoandika hapa.

Hatua ya 5: Jaribu mwili, na upimwe na daktari kabla hawajakupima wao

Kwa wiki sita amka saa kumi na moja alfajiri, kimbia mchakamchaka nusu saa, halafu fanya kazi ya mikono hadi mchana. Ifanye Juni au Julai, ukungu ukiwa umelala hadi saa tatu asubuhi. Vijana wa nyanda zetu wana mapafu mazuri kwa sababu ya vilima, na baridi wameizoea. Kinachowashinda mara nyingi ni joto, wakipangiwa Ruvu au Nachingwea. Kunywa maji ni kitu cha kujifunza.

Njia bora zaidi ni mgambo. Mafunzo ya jeshi la akiba huendeshwa kwenye kata zetu chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, na huko utapiga kwata, utashika nidhamu, utalala umechoka, ila unalala kwenu. Asiyeweza kumaliza mgambo wa kijijini asijidanganye na kambi.

Kuhusu afya, nenda hospitali kwa hela yako, upimwe macho, masikio, shinikizo la damu, mkojo na damu. Ni afadhali ujue jambo ukiwa na muda wa kulitibu kuliko kulisikia mbele ya jopo. Michoro ya mwilini ulizia mapema. Kwa binti, mimba hukatisha mafunzo, na mtoto mchanga haingii naye kambini. Hili lizungumzwe na mwenzi wako wazi, kabla.

Hatua ya 6: Nyoosha makaratasi

Hapa nina mengi ya kusema kwa sababu ndiyo shughuli yangu. Kinachowaangusha vijana wengi siyo mbio, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumaini, cha shule kinasema Tumainieli, NIDA wameandika jina la babu mahali pa ubini. Cheti cha kuzaliwa ni suala la RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya wilaya, na hakitoki kwa siku moja. Tofauti ya majina huhitaji kiapo mbele ya hakimu au wakili, na pengine marekebisho NIDA kwenyewe. Anza leo hata kama tangazo halijatoka. Tangazo likishatoka, siku huwa chache, na foleni ya RITA wakati huo usiiombee.

Usinipe mimi au mwenye steshenari yeyote vyeti halisi ukaenda kunywa chai. Simama, pokea kimoja kimoja. Pata pia barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa unaoishi kweli. Kuomba kupitia wilaya ya shangazi kwa sababu "huko wanaomba wachache" kunaleta maswali ambayo hutaweza kuyajibu kwenye usaili. Na andika barua yako mwenyewe. JWTZ wamewahi kutaka maombi yaandikwe kwa mkono, na mwandiko wa kukodi hujulikana.

Koti lile la mabakamabaka uliloliona kwenye mitumba liache hukohuko. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na jeshi limewahi kutoa siku saba watu wazisalimishe.

Hatua ya 7: Kaa na wa nyumbani, na mfukuze tapeli

Mzazi huuliza swali moja, "Utapata kazi?" Usimdanganye. Mwambie, "Baba, nitafundishwa miaka miwili, kazi haina ahadi, na nikikosa nitafanya hivi," kisha umfungulie lile daftari. Mzazi aliyeambiwa ukweli hatakwenda kukutafutia "mtu wa ndani".

Maana huyo mtu yupo, na atakuja. Atakuwa na picha akiwa amevaa kijeshi, atazungumza kwa sauti ya chini, atasema nafasi zimebaki mbili. Watu wameuza ng'ombe na mashamba ya miti kumlipa. Nafasi za JKT na JWTZ haziuzwi, majeshi yenyewe yamelisema hilo mara kwa mara. Anayekuomba hela kama ni tapeli mpeleke polisi. Kama ni mtumishi wa umma, piga TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba 113, ni bure. Na wewe uliyelipa, hata ukiingia kwa bahati yako, utakuwa na mtu anayeijua siri yako kwa miaka yote ya utumishi.

Hatua ya 8: Ukishaamua

Ukiamua hapana, choma nakala za ziada au zitumie kuombea VETA, na uache kufuatilia matangazo ya jeshi kwenye simu. Kuamua hapana halafu kila wiki unauliza "yametoka?" ni kukaa katikati ya barabara.

Ukiamua ndiyo na ukachaguliwa, fuata orodha ya vifaa ilivyo, rangi kwa rangi: bukta ya bluu ya giza, fulana ya kijani, raba, shuka za bluu bahari, soksi nyeusi ndefu, nauli ya kwenda na kurudi. Orodha husema waliopangiwa mikoa ya baridi wabebe nguo za kuzuia baridi. Ukipangiwa Mafinga au Itende, unajua mwenyewe. Mwambie na yule kuruta wa Tanga utakayekaa naye kwenye basi, kabla basi halijapita Ilula, maana anadhani sweta moja inatosha. Vyeti halisi beba vile vilivyotakiwa tu, na seti moja ya nakala iliyopigwa mhuri uiache kwa mtu anayepokea simu.